NAMBA DEUX: Mbuzi, Bido ya Kasiksi na Mdomo wa Papa Cyprien

Sehemu ya tisa

"Josué!"

Jina lilikuwa limeshatoka mdomoni. Papa Cyprien alikuwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, bic nyekundu mkononi, anatangaza mchezaji ambaye Radi ya Kadutu inapaswa kumtupa katika merkato hii ya kuuza na kununua wachezaji. Ndipo mlango ukafunguka. Na nani anaingia? Josué mwenyewe, shati jeupe la misa, bido, dumu la manjano la lita ishirini, begani.

Chupa zote ndani ya nganda, baa ya Maman Constance, zikabaki hewani. Watu thelathini walikuwa humo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukimbia, hata kuwahi misa.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la juma lililopita muuza karanga alilifungia karanga zake, nasema upesi. Josué ni beki wa kulia wa Radi, namba deux, yaani mbili. Basuporta, mashabiki wake mwenyewe, wanamwita Mulango Wazi. Mechi tatu nyuma, walimvika mbuzi jezi ya namba deux wakamzungusha uwanja mzima kwa ngoma, na Josué akiwa palepale anapasha misuli. Wazo la mbuzi lilikuwa la Papa Cyprien, prezida wa seksioni ya basuporta, mpiga mihuri wa komine. Huyu anasema zamani alikuwa namba neuf, tisa hatari kule Kamanyola, magoli trente-et-un, thelathini na moja, kwa msimu mmoja. Hakuna aliyeyaona. Magoli ya Kamanyola yana bahati ya kuwa mbali.

Sasa sikia kile ambacho sisi tunakijua na yeye hakijui. Leo saa kumi anangoja bakwe nyumbani kwake. Kijana mmoja fundi umeme, Mugisho wa Nyangezi, anatuma batonton, wazee wa ukoo wake, kuja kumuomba binti yake Nsimire. Papa Cyprien alishakubali, akajisifu komine nzima: "Mukwe wangu ni fundi wa courant, sitalala tena mu giza!" Uso wa kijana hakuuliza. Kumbe Mugisho ni jina la nyumbani. Jina la uwanjani ni Josué.

Ndivyo alivyo. Anajua mabeki wa Ulaya wanavaa viatu namba ngapi, hajui nani anampenda mtoto wake.

Na Nsimire alishamwambia shangazi yake, Maman Constance: "Tantine, bantu ba kwabo babishaka hodi mara moja tu. Papa akibafukuza leo, imekwisha."

Haya, turudi ndani.

"Karibu, Mulango Wazi!" Didier ndiye aliyepata sauti kwanza. Didier ni fundi cherehani, makamu wa prezida, na roho yake yote iko kwenye kiti cha prezida. "Kumbe unajua mulango iko wapi! Winga wa adui zetu Wimbi, namba onze, yeye anapitaka kwako bila hodi."

Wakacheka mpaka chupa zikagongana.

"Juu ya nini umeleta bido?" Papa Cyprien akauliza kutoka juu ya kiti chake.

"Ni kasiksi, Papa." Josué aliishusha taratibu, pombe ya ndizi ikacheza ndani. "Inatoka kwetu, Nyangezi. Niko na maneno mbili. Ya kwanza ni ya hii bido, ni ya—"

"Ni ya kutununua!" Didier akamkata.

"Ya kutununua!" wakaitikia wote thelathini.

"Kaa kimya, usikie namna bantu ba akili banatafuta namba deux," Papa Cyprien akasema. "Emile, soma liste."

Emile ni katibu. Huyu anaandika kila kitu katika kaye, daftari lake, pamoja na saa, hata mtu akikohoa. Akasimama, akasoma. "Kandidati wa kwanza, Dany wa Luvungi. Anakimbia."

"Anakimbia wapi?" sauti ikatoka nyuma. "Mu mashamba ya muchele! Siku ya kumujaribu alikimbia na mupira mpaka akatoka mu kiwanja. Bakaenda kumutafuta na pikipiki."

"Kandidati wa pili, Guylain wa Kamanyola. Miguu mbili. Miaka vingt-deux, ishirini na mbili."

"Vingt-deux tangu lini? Mutoto wake wa kwanza iko université!"

"Kandidati wa tatu, mudogo ya Didier."

Hapo Didier akajinyoosha shati. "Huyo ni beki kamili."

"Beki anaogopa mupira ya kichwa juu ya coiffure ya nywele!" akapiga kelele Papa Cyprien, na nganda ikafurahi tena.

Mmoja pembeni, aliyekuwa na chupa ya nne mbele yake, akasema tulete wa Ulaya. Kule sasa ni kiangazi, mabeki wengi mikataba imekwisha, wanakaa bure kwa wazazi wao. Emile akamuuliza kwa heshima kama anayo namba ya simu ya hata mmoja. Hakuwa nayo. Emile akaandika: "15h20, pendekezo la Ulaya, hakuna namba."

Wakati wote huo Josué amesimama karibu na bido yake. Maman Constance alimsogezea kiti. Hakukaa.

"Papa," akasema, "niko naomba dakika moja. Hii kasiksi—"

"Weye, nani amekupatia parole ya kusema?" Papa Cyprien aliona haya kumtazama, akawatazama wengine. "Muniskie, basuporta. Miye nilikuwa namba neuf. Namba neuf ni kipaji. Namba deux ni nini? Wakati Mungu alikuwa anagawa mipira, kuna batu balichelewa. Bakaambiwa: nyinyi muende kule kando, mukimbilie benzenu. Ndio banamba deux hao! Mutu wa namba deux hawezi kukanyaga parcelle yangu. Hata mbwa yangu itamukatala."

Ee Mungu wangu. Saa tisa na nusu imeshapita, bakwe wako barabarani, na baba wa binti anaapa kwa mbwa.

"Na juu ajue mimi sinunuliwi," akaendelea, "nitakunywa kasiksi yake mbele ya macho yake. Kisha nakata jina yake na hii bic. Constance, mimina!"

Maman Constance hakusogea. Ni dada yake, amemjua tangu anatambaa. "Cyprien, uliza kwanza hii kasiksi ni ya nini."

"Mimina."

"Kaka yangu, uliza kwanza."

"Nganda ni yako, seksioni ni yangu. Mimina!"

"Basi," akasema Maman Constance. "Masikio ni yako pia."

Akamimina. Gobeleti ilijaa mpaka povu likashuka pembeni. Papa Cyprien akaipokea kwa mikono miwili, akamkazia Josué macho, akainywa yote bila kupumua. Akajifuta mdomo kwa mkono. Akasema ni tamu kuliko mwenye bido anavyocheza. Akaomba ya pili.

"Hii ya pili ni ya dharau!" akatangaza, nayo akaimaliza.

Bic ya Emile ikakwaruza: "15h41, Prezida anakunywa. 15h43, Prezida anarudilia."

Hapo Josué akapiga goti. Akapiga makofi matatu, taratibu, viganja vimekunjwa, kama wanavyofanya watu wenye adabu mbele ya mzee. "Koko, Papa," akashukuru kwa Kimashi.

Na Maman Constance akapasua nganda kwa vigelegele.

"Nini? Nini?" Papa Cyprien akayumba juu ya kiti. "Munashangilia nini?"

"Nashangilia weye, kaka! Hii ni kasiksi ya bakwe. Desturi inasema inapita kwa shangazi, nami shangazi ndiye miye. Baba wa binti akiikunywa mbele ya batu, amekubali kuikala na wenyewe kama ndugu. Wengine banaonjaka tu. Weye umekunywa mbili!"

"Bakwe gani? Mukwe wangu ni Mugisho, fundi wa courant!"

"Ni miye, Papa," akasema kijana aliyepiga goti. "Josué Mugisho. Nilitaka kusema toka nimeingia."

Ningependa kuwaambia kwamba Papa Cyprien alisema neno la maana. Hapana. Aliingiza kidole kooni.

"Tapika tu," Maman Constance akamwambia. "Utafagia mwenyewe. Lakini Emile ameshaandika."

"Emile, futa!"

Emile alikumbatia kaye kifuani. "PV, kumbukumbu ya kikao, haifutwake, Prezida. Ni weye ulipitisha hiyo sheria, mwaka jana, siku Didier alitaka kufuta matusi yake."

"Basuporta!" Didier alishapanda juu ya kiti kingine, jasho la furaha linamtoka. "Mumeona? Tuko hapa tunatafuta namba deux, kumbe namba deux iko mu nyumba ya Prezida! Ameuza upande wa kulia kwa gobeleti mbili za kasiksi!"

"Uongo!"

"Basi kata jina yake! Bic iko mu mukono yako. Kata!"

"Kata! Kata! Kata!" Watu walewale waliokunywa kwa jina la Cyprien miaka kumi sasa wanagonga meza wakimdai damu. Mapenzi ya basuporta ndiyo hayo, hayafiki hata chupa inayofuata.

Papa Cyprien akatazama huku, akatazama kule. Ni mtu wa kelele, na mtu wa kelele akibanwa huongeza kelele. Akainua bic juu kabisa.

"Niko nakata! Na nasema mbele ya wote: mutoto wangu hataolewa na namba deux! Bido irudi kwao na—"

"Nani hataolewa, Papa?"

Mlango ulikuwa wazi tena. Nsimire alikuwa amesimama kizingitini, kitenge chake kipya, nywele zimesukwa tangu jana. Alikuwa ametoka kuwapokea bakwe barabarani, akapita nao kumchukua baba yake, na nyuma yake walisimama wazee watatu wa Nyangezi, koti na kofia, vumbi la safari bado kwenye viatu. Walikuwa wamesikia yote. Hata mtaa wa pili ulisikia.

Nsimire hakulia. Alimtazama tu baba yake akiwa juu ya kile kiti, na macho yake yalikuwa yamechoka.

Mzee wa mbele, mrefu, ndevu nyeupe, akavua kofia. Huyo ni tonton Jean-Baptiste, mkubwa wa ukoo, ndiye mwenye neno. Kila mtu alingoja aseme "tunarudi". Badala yake akakunja macho, akasogea hatua moja, kisha nyingine.

"Shuka hapo nikuone vizuri," akasema. "Cyprien? Cyprien wa paroisse ya Kamanyola?"

Rangi ilimtoka Papa Cyprien usoni. Nasema kweli, ilimtoka.

"Ni yeye!" Mzee akacheka, akawageukia wenzake. "Namba deux! Munakumbuka? Namba deux ya Kamanyola!"

Hata wa chupa ya nne aliiweka chini.

"Unakosea, muzee," Didier akasema polepole, na ulimi wake ulionja kila neno. "Prezida wetu alikuwa namba neuf. Magoli trente-et-un."

"Neuf gani? Miye nilikuwa namba onze ya Nyangezi! Finale ya mwaka quatre-vingt-huit, huyu ndiye alinikamata. Dakika quatre-vingt-neuf, tisini kasoro moja, sikupita. Nilienda kushoto, iko. Nilienda kuliya, iko. Sijaonaka beki kama huyu tena." Mzee alisema kwa sifa, na heshima ilikuwa machoni pake. Hakujua anachinja mtu. "Kisha dakika ya mwisho akateleza. Mupira ikamugonga kisigino, ikaingia mu goli yao benyewe. Un-zéro, moja bila. Tukapata kombe."

"Muzee, inatosha," Papa Cyprien akasema kwa sauti ndogo.

"Hapana, waache basikie namna basuporta beko bantu babaya! Balimuvua jezi yake. Bakamuvalisha mbuzi. Bakazungusha ile mbuzi soko nzima ya Kamanyola, na ngoma, banaimba jina yake. Huyu alijificha nyuma ya kanisa, analia kama mutoto. Ni miye adui nilimupelekea maji."

Sasa, msomaji, unganisha mwenyewe.

Mbuzi. Kila mtu aliyekuwa ndani alikuwa amepiga ngoma nyuma ya mbuzi, mechi tatu nyuma. Kila mtu alikumbuka nani aliileta kwa kamba, nani aliifunga jezi tumboni kwa ustadi, kana kwamba ameshaona inavyofungwa. Ndiyo, alikuwa ameshaona.

"Papa," Nsimire akasema, "ulituambia ile mbuzi ni akili yako."

Papa Cyprien akashuka kitini. Alishuka vibaya, na ni Josué aliyemshika kiwiko. Papa Cyprien hakuutoa mkono huo. Akaketi. Mimi ambaye nimemdharau kwa sehemu nane nzima, nilikuwa nimeshatayarisha kicheko changu, kikanikwama.

"Nilikuwa na miaka dix-neuf, kumi na tisa," akasema, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Sikucheza tena. Hata dimanche moja baada ya misa."

Kisha akanyoosha mkono. "Emile, lete kaye."

Akashika ukurasa wa liste, akauchana toka juu mpaka chini. Emile alipiga yowe kama amechanwa yeye.

"Andika upya," Papa Cyprien akasema. "Namba deux ya Radi ni Josué. Hatutafuti mwingine. Anabaki."

Nsimire alifunika mdomo kwa kitenge. Maman Constance alishavuta pumzi ya vigelegele vya pili. Na hapo, kama riwaya hii ingekuwa ya watu wema, ningeweka nukta.

"Aksanti, Papa," Josué akasema. Bado alikuwa amemshika kiwiko. "Lakini nilisema niko na maneno mbili. Ya kwanza ilikuwa bido. Ya pili mulinikatia."

Akatoa karatasi mfukoni mwa shati la misa. Muhuri wa bluu.

"Nimesaini na Wimbi. Jana."

Wimbi! Wimbi ya Ibanda, watu wa bluu, adui wa Radi tangu babu zao!

"Musaliti!" Didier akafoka. "Anatuacha! Beki muzuri kama huyu!"

"Ametuibiya!" "Upande wa kulia umebaki wazi!" "Nani atacheza dimanche?" Saa moja haijaisha tangu wamwite mlango wazi, sasa wanalia nyumba imebomoka. Wa chupa ya nne alikuwa na machozi kabisa.

"Matusi nilivumilia msimu mzima," Josué akasema, na hakupandisha sauti. "Mbuzi, hapana. Mama yangu alikuwa mu stade siku ile."

Papa Cyprien alifumba macho. Hakuna aliyeelewa sentensi hiyo kuliko yeye.

Tonton Jean-Baptiste akakohoa. Akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa kirefu cha shingoni, bluu tupu, nembo ya Wimbi katikati. Akakikunjua juu ya meza, kando ya ile gobeleti.

"Cyprien," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Nimesikia maneno yako kwa mulango. Kasiksi umekunywa, ni kweli, lakini mudomo yako ilisharudisha. Basi nataka kuona kwa macho. Dimanche ijayo ni Radi na Wimbi. Kwetu, kijana akicheza, baba wa muke wake anaikalaka na siye, upande wetu, mu rangi yetu. Vaa hii sasa, hapa, mbele ya bantu bako. Tutaongea ngombe na siku ya ndoa. Ukikatala, tunabeba bido, tunarudi Nyangezi. Haturudiake mara mbili, unajua."

"Gusa tu," akasema Didier, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya mgongo wa kiti cha prezida. "Gusa tu hiyo bluu, Cyprien. Hutaingia tena hapa hata kuomba maji. Na mbuzi tunayo bado. Iko inakula majani kwangu."

Thelathini walisogea karibu. Nje mtu alikuwa ameanza kugonga ngoma ya Radi, polepole.

Nsimire hakumsihi baba yake. Alisimama palepale kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Emile akaokota bic yake, akatazama saa, akaandika kwenye ukurasa mpya: "16h10, Prezida". Akangoja, bic juu ya karatasi.

Mkono wa Papa Cyprien ukanyanyuka kutoka gotini.